Shajara ya mradi: kupanga maneno ya Kiswahili katika mapigo matatu

Mradi huu unatengeneza vitu viwili vinavyokwenda pamoja: seti ya tuni mpya za mapigo matatu zinazoweza kupokea ubeti wowote wenye mistari ya mizani 8, yaani silabi 8, na kitini cha kanuni kwa walimu wa kwaya na watunzi wanaopanga maneno ya Kiswahili juu ya tuni hizo. Sababu ya kuuanzisha inasikika kila Jumapili. Tuni ni nzuri, maneno ni mazuri, lakini mkazo unaangukia silabi isiyo yake tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, na msikilizaji anakosa maana ya wimbo unaoimbwa kwa lugha yake mwenyewe.

Katika kurasa hizi, "kipimo" ni nafasi iliyo kati ya mistari miwili ya wima katika nota. Pigo la kwanza la kila kipimo ndilo pigo zito. La pili na la tatu ni mepesi. "Pigo la kuingilia" ni nota inayoimbwa kabla ya pigo zito la kwanza. Silabi yenye mkazo tumeiandika kwa herufi kubwa.

Rekodi ya 1. Msingi. Hali: imefungwa

Jambo la kwanza lililobidi kuwekwa sawa ni kwamba silabi tatu si mapigo matatu. Watunzi wengi hutafuta maneno ya silabi tatu wanapotaka wimbo wa 3/4, yaani wa mapigo matatu kwa kipimo, na hapo ndipo mambo yanapoanza kwenda kombo.

Wagiriki walilipanga suala hili mapema. Aristoxenus wa Tarentum, mwanafunzi wa Aristotle, aligawa mahadhi kwa uwiano wa muda kati ya sehemu mbili za hatua (kikundi cha silabi kinachorudiwa katika mstari), bila kujali idadi ya silabi. Daktili ina silabi tatu, moja ndefu na mbili fupi, lakini ndefu ni sawa na fupi mbili; kwa hiyo jumla yake ni mapigo manne, na uwiano wake ni 2 kwa 2. Troki ina silabi mbili tu, ndefu na fupi, na jumla yake ni mapigo matatu, uwiano 2 kwa 1. Mapigo matatu halisi, basi, yako kwenye neno la silabi mbili ambalo ya kwanza inavutwa mara mbili ya ya pili.

Sasa liangalie neno la Kiswahili. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo haitamkwi kwa nguvu tu, inavutwa pia. Tamka "karibu" kwa utulivu mlangoni: ka-RIII-bu. Karibu kila neno la Kiswahili, likiwa na silabi mbili au saba, linafunga kwa ndefu na fupi. Mkia huo ni troki, na troki ni kipimo kamili cha 3/4: mkazo unachukua pigo la kwanza na la pili, silabi ya mwisho inachukua la tatu. Ndiyo maana tunasema bila kusita kwamba Kiswahili kinaafiki mapigo matatu kuliko lugha nyingi zilizotupatia tuni hizo. Tatizo haliko kwenye lugha, liko kwenye mahali maneno yanapoanzia.

Upande wa muziki, nadharia ya Ulaya ya karne ya 13 ilianzia hapo hapo. Franco wa Cologne aliifundisha nota ndefu iliyo "kamili" kuwa yenye thamani ya fupi tatu, na ukamilifu huo aliuegemeza kwenye Utatu Mtakatifu. Mifumo sita ya mahadhi ya wakati ule yote ilikuwa ya mapigo matatu, na wataalamu waliilinganisha na hatua za ushairi: wa kwanza ni ndefu-fupi, wa pili ni fupi-ndefu. Karne iliyofuata, duara zima lilitumika kuonyesha mgawanyo wa tatu, na nusu duara mgawanyo wa mbili. Ile alama inayofanana na C tunayoiandika leo kwa 4/4 ni ile nusu duara. Kwa kitini chetu tumechukua majina mawili tu kutoka huko, mfumo wa kwanza na mfumo wa pili, kwa sababu yote mawili tunayahitaji hapa chini.

Rekodi ya 2. Kosa zito. Hali: kanuni imekubaliwa

Tuni nyingi za 3/4 za Kiingereza zina umbo moja: pigo jepesi la kuingilia, halafu ndefu-fupi, ndefu-fupi, na mwisho wa mstari unatua juu ya pigo zito. Mfano unaojulikana ni tuni iitwayo New Britain, ambayo William Walker aliiunganisha mwaka 1835 na maneno ya John Newton ya Amazing Grace. Mistari yake ni ya silabi 8 na 6. Silabi ya 1 ni ya kuingilia. Nzito ni ya 2, 4, 6 na 8. Kiingereza kina maneno tele ya silabi moja yenye mkazo, kwa hiyo mstari wake hutua vizuri kwenye pigo zito.

Kiswahili hakitui hivyo. Mstari wa silabi 8 una mkazo wa mwisho kwenye silabi ya 7, na ya 8 ni nyepesi. Ukiuweka mstari huo juu ya tuni ya namna hiyo, kila kitu kinageuka. Chukua mstari tulioutunga kwa majaribio:

Jua kali limezama

Kwa mdomo: JU-a KA-li li-me-ZA-ma. Juu ya tuni ile unakuwa: ju | A – ka | LI – li | ME – za | MA. Hakuna mkazo hata mmoja ulio mahali pake. Mtafsiri amehesabu silabi 8 na amepata 8, kwa hiyo anaamini kazi imekamilika. Hesabu ni sahihi na wimbo umeharibika.

Makosa haya hayalingani uzito, na tumeyapanga hivi. La kwanza na baya kuliko yote ni silabi ya mwisho ya neno kuketi juu ya pigo zito huku silabi yake ya mkazo ikiwa kwenye pigo jepesi lililotangulia. Hilo halikubaliki popote. La pili ni kiambishi cha mwanzo wa kitenzi, kama "tu-", "-na-" au "-me-", kuketi kwenye pigo zito. Hilo linavumilika, kwa sababu vitenzi virefu vya Kiswahili vina mikazo midogo kabla ya ule mkubwa, na sikio halishtuki. Katika "ninakushukuru", KU ya "-shukuru" ndiyo lazima ilindwe. "-Na-" ikipata pigo zito hakuna atakayelalamika. La tatu ni maneno madogo kama "na", "ya", "kwa" kupata pigo zito. Si zuri, ila halibadilishi neno lolote.

Kwa tuni za kigeni ambazo watu hawataki kuziacha, tiba ziko mbili.

Ya kwanza ni kupasua nota ya mwisho. Ile ndefu inayotua kwenye pigo zito igawanywe: mkazo ubaki kwenye pigo la kwanza na la pili, silabi ya mwisho iimbwe kwenye la tatu. Mstari wa silabi 8 unakuwa wa 9, wa 6 unakuwa wa 7, na mtunzi anaandika kwa hesabu hiyo mpya. Kasoro yake ni kwamba silabi ya mwisho inakaa mahali pa pigo la kuingilia la mstari unaofuata. Ama mstari unaofuata uanze kwenye pigo zito, ama silabi ya mwisho iimbwe kwenye pigo la pili ili la tatu libaki wazi.

Ya pili ni kuacha pigo la kuingilia kwa ala. Kinanda au ngoma ipige pigo hilo, waimbaji waanze kwenye pigo zito, na nota ya mwisho ipasuliwe. Mizani 8 zinaingia sawasawa: nne nzito, nne nyepesi. Hii ndiyo tuliyoipendelea, kwa sababu inaruhusu mizani za asili za ushairi wetu zibaki kama zilivyo.

Rekodi ya 3. Mizani 8 katika vipimo 4. Hali: imefungwa, tuni ya mfano iko tayari

Ubeti wa utenzi una vipande 4, kila kipande mizani 8. Kipande kimoja katika mfumo wa kwanza kinachukua vipimo 4 vya 3/4, ubeti mzima vipimo 16, yaani mapigo 48. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, ubeti ni nusu dakika kamili. Ubeti wa shairi wenye mishororo 4 ya mizani 16 ni mapigo 96, dakika moja. Mtunzi anayetaka wimbo wa dakika tatu anajua tangu mwanzo kwamba ana nafasi ya beti sita za utenzi au tatu za shairi, bila utangulizi wa ala.

Ubeti wa majaribio:

Jua kali limezama
Pepo zote zimekoma
Mwezi juu wasimama
Njoo sasa tupumue

Mikazo ya vipande vyote vinne iko kwenye silabi ya 1, 3 na 7. Silabi ya 5 haina mkazo mkubwa.

Rasimu ya kwanza ya tuni ilifuata ndefu-fupi bila kubadilika, vipimo 16 mfululizo. Ni sahihi lakini inachosha, na inaipa silabi ya 5 uzito usiostahili: "LI-me-ZA-ma". Tuni iliyokubaliwa inaiacha ile nafasi ya tatu bila silabi mpya kwenye pigo zito. Kwa solfa, yaani nota za herufi d, r, m, f, s ambamo kistari huendeleza nota iliyotangulia, Doh ni F, kipande cha kwanza kinaandikwa:

| m :– :r | s :– :m | – :r :m | f :– :m |

Maneno chini yake:

| JU – a | KA – li | – li me | ZA – ma |

Kipimo cha tatu kinaanza kwa kuendeleza "li" ya "kali", halafu viambishi viwili "li-me" vinapita kwenye mapigo mepesi na kuikabidhi ZA pigo zito. Ndivyo mtu anavyosema sentensi hiyo: viambishi vinapita upesi, shina linavutwa. Kipande cha mwisho kinafunga hivi:

| m :– :r | s :– :m | – :r :d | r :– :d |

| NJO – o | SA – sa | – tu pu | MU – e |

Angalia pia kimo cha sauti. Silabi ya mkazo iko juu ya ile inayoifuata katika vipimo vyote vinavyobeba mkazo: m juu ya r, s juu ya m, f juu ya m, r juu ya d. Rasimu nyingine ilikuwa na "KA" kwenye m na "li" kwenye s. Mapigo yake yalikuwa sahihi kabisa, lakini "kali" ilisikika vibaya kwa sababu silabi nyepesi ilirukia juu na kuvutwa. Muda, uzito na kimo vyote vitatu vinatengeneza mkazo. Kimoja kikipingana na vingine viwili sikio huvumilia. Viwili vikipinga, neno linapotea.

Kuna swali moja ambalo kila mtunzi hulileta: wimbo unaishaje kwenye pigo la tatu? Mazoea ni kutua kwenye pigo zito, na wimbo unaoachwa kwenye pigo jepesi unaonekana kuning'inia. Katika beti za kati haisumbui, kwa kuwa ubeti unaofuata unapokea. Katika ubeti wa mwisho tumeruhusu njia mbili. Silabi ya mwisho ianze kwenye pigo la tatu na kuendelezwa kipimo kizima kinachofuata; au silabi ya mkazo ipewe kipimo kizima, mapigo matatu, na ya mwisho itue kwenye pigo zito. Njia ya pili inakaribia kosa la kwanza la Rekodi ya 2, na inakubalika tu ikiwa nota ya mkazo ni ndefu kiasi hicho na iko juu ya ile ya mwisho.

Rekodi ya 4. Mistari isiyoanza na mkazo. Hali: imekubaliwa

Si kila mstari wa mizani 8 una mikazo kwenye silabi zisizogawanyika kwa mbili. "Kitabu changu kizuri" ni mizani 8 pia, lakini mikazo ni ya 2, 4 na 7: ki-TA-bu CHA-ngu ki-ZU-ri. Ukiutia kwenye tuni ya Rekodi ya 3 unapata "KI-ta-BU-cha". Kwa hiyo kila tuni kwenye seti inakuja na sura ya pili yenye pigo la kuingilia:

: ki | TA :– :bu | CHA :ngu :ki | ZU :– :ri | – :–

Pigo la kuingilia moja, vipimo vitatu, na "ri" inaendelezwa mapigo mawili ya kipimo cha nne. Pigo la tatu la kipimo hicho linabaki kwa silabi ya kuingilia ya mstari unaofuata. Jumla ni mapigo 12, sawa na sura ya kwanza, kwa hiyo sura mbili zinaweza kuchanganywa ndani ya ubeti mmoja. Lililo gumu ni mpaka kati yao. Mstari wa sura ya kwanza ukifuatwa na wa sura ya pili, silabi ya mwisho ya ule wa kwanza isogezwe kutoka pigo la tatu hadi la pili, vinginevyo silabi mbili zinagombania pigo moja.

Kabla ya kuandika sura ya pili, jaribu kwanza kubadilisha maneno. Kiswahili kinatoa nafasi kubwa hapa:

Kufupisha umiliki kunahamisha mkazo. "Baba yangu" ni BA-ba YA-ngu, silabi 4. "Babangu" ni ba-BA-ngu, silabi 3, na mkazo umehama. Vivyo hivyo "mwana wangu" na "mwanangu".

Nyakati za vitenzi zinaongeza au kupunguza silabi moja bila kugusa shina: "aimba", "anaimba". Kuongeza "-ni" kunasukuma mkazo mbele: "nyumba" ni NYU-mba, "nyumbani" ni nyu-MBA-ni. Kupanga upya maneno kunasaidia pia. "Kizuri kitabu changu" ina mikazo ya 2, 5 na 7. Ushairi umeruhusu mpangilio huo siku zote.

Rekodi ya 5. Silabi za m na n. Hali: imekubaliwa

Hii ndiyo sehemu iliyotuletea kazi nyingi kuliko zote. "Mtu", "mbwa", "nchi", "nne": neno lina silabi mbili, na ya mkazo ni ile m au n yenyewe. Kwa kanuni yetu, M ya "mtu" inatakiwa kupewa pigo la kwanza na la pili. Waimbaji 30 wakifunga midomo kwa mapigo mawili kwenye pigo zito, wimbo unazimika. Mwalimu husikia shimo na kudhani sauti ya kwanza wamechoka.

Tiba ni kutumia mfumo wa pili, fupi-ndefu: | m :tu :– |. M inabaki kwenye pigo zito, kwa hiyo uzito wake unalindwa, ila urefu unahamia "tu" ambako mdomo uko wazi. Ili mkazo usipotee, nota ya M iwe juu ya nota ya "tu", hata kwa hatua moja. Ikiwezekana, mtunzi aepuke maneno haya mwishoni mwa mstari. Katikati hayana shida.

Lazima pia kutofautisha m inayojitegemea na m iliyogandamana na konsonanti. "Mtoto" ni m-TO-to, silabi 3. "Mbingu" ni MBI-ngu, silabi 2. "Mbaya" inategemea inasifu nini: "mtu mbaya" ina m-BA-ya, silabi 3, lakini "habari mbaya" ina MBA-ya, silabi 2. Anayehesabu kwa macho anakosea hapo. Hesabu kwa kutamka.

Kugawa silabi kwenye karatasi kunaathiri uimbaji moja kwa moja. Andika "nyu-mba", "u-pe-ndo", "i-mbe-ni". Ukiandika "nyum-ba", mwimbaji anafunga midomo mapema, na nota ya mapigo mawili inasikika "nyummm-ba". Ukiandika "nyu-mba", anashika "nyuuu" hadi pigo la tatu, sauti inabaki wazi. Badiliko ni la kistari tu, na tofauti inasikika mazoezi yale yale.

Irabu mbili zinazofanana ni silabi mbili: ju-u, ta-a, wa-ze-e. Kwenye nota ndefu watu huziandika chini ya nota moja, kisha mstari unapungukiwa na mizani na silabi zote zinazofuata zinasogea.

Rekodi ya 6. 3/4 au 6/8. Hali: inaendelea

Mapigo sita mafupi yanaweza kugawanywa mara tatu kwa mawili au mara mbili kwa matatu. Ya kwanza ni 3/4, ya pili ni 6/8. Kwenye karatasi zinafanana. Kwa ulimi hazifanani. Jaribio letu halihitaji ala. Piga makofi sita yanayolingana, yakirudiwa bila kusimama, na utamke "baba, mama, kaka" silabi moja kwa kila kofi. Mikazo inaangukia 1, 3 na 5: hiyo ni 3/4. Sasa tamka "asante, asante", ukiiweka "a" ya kwanza kabla ya kofi la kwanza: a | SA-nte-a SA-nte-. Mikazo inaangukia 1 na 4: hiyo ni 6/8.

Kwa hiyo maneno yenyewe yanaamua. Ubeti wenye maneno mengi ya silabi mbili unataka 3/4; wenye mengi ya silabi tatu, kama "upendo", "karibu", "amani", unataka 6/8 na silabi ya kuingilia. Hapa silabi tatu zinapata nafasi yake halali, kwa sababu kila moja inachukua sehemu moja tu na hakuna inayovutwa.

Pwani sikio limezoea yote mawili kwa pamoja. Chakacha, ngoma ya Mombasa na Lamu, iko katika 6/8, na ndani ya mapigo yale yale mchezaji anaweza kushika mbili na mpigaji akashika tatu. Kwaya nyingi zinapenda 6/8 kwa sababu hiyo, na ngoma inaingia bila kulazimishwa. Hatari yake ni kwamba wimbo ulioandikwa 3/4 ukipewa mpiga ngoma aliyezoea 6/8, kufikia ubeti wa pili unakuwa 6/8, na mikazo ya silabi mbili inavunjika: "BA-ba-ma MA-ka-ka". Mwalimu amwonyeshe mpiga ngoma maneno kabla ya kumwonyesha mdundo.

Kuongoza kwa mkono: 3/4 ni chini, nje, juu. Mwendo ukipita mapigo 130 hivi kwa dakika, mkono mmoja kwa kipimo unatosha, la sivyo waimbaji wanakimbia. 6/8 ya mwendo wa kawaida inaongozwa kwa mbili, chini na juu. Kuongoza 6/8 kwa mikono sita kunaua mdundo.

Tuni za 6/8 kwenye seti bado hazijakamilika. Zinazopokea mizani 8 zipo. Tunachotafuta ni namna ya kupokea mizani 16 za shairi bila kuvunja mpaka wa ukwapi na utao (nusu mbili za mshororo) kwa pumzi mahali pasipofaa.

Rekodi ya 7. Pigo la nne lisiloandikwa. Hali: imekubaliwa

Kwaya nyingi huimba 3/4 vizuri ndani ya mstari, halafu mwishoni huongeza pigo moja. Vipimo vitatu vya matatu na kimoja cha manne. Kinanda kinafika kabla, waimbaji wanafuata, kila mtu anamlaumu mwenzake. Sababu ni pumzi: nota ya mwisho imeandikwa hadi ukingo wa kipimo na mstari unaofuata unaanza hapo hapo, kwa hiyo waimbaji wanajitafutia pigo la kupumua.

Pumzi iandikwe ndani ya hesabu. Kwenye sura yenye pigo la kuingilia, nota ya mwisho imalizwe nusu pigo kabla, na nusu hiyo iwe kimya. Kwenye sura ya kwanza, silabi ya mwisho iimbwe nusu pigo tu: | f :– :m. | na nafasi iliyobaki ni ya pumzi. Kwa mwendo wa 96, nusu pigo ni takriban theluthi moja ya sekunde. Inatosha kuvuta pumzi fupi, haitoshi kuvuta ndefu. Kila baada ya vipande viwili inahitajika pumzi kubwa zaidi, na hapo silabi ya mwisho isogezwe kwenye pigo la pili.

Rekodi ya 8. Uandishi wa nakala. Hali: nusu

Kitini kinatoka kwa solfa na kwa nota za mistari mitano. Solfa ya John Curwen (1816–1880), aliyeendeleza kazi ya Sarah Glover wa Norwich, ina faida kubwa kwa kazi hii: alama zake zinaonyesha uzito wenyewe. Mstari wa wima unatangulia pigo zito, nukta mbili zinatangulia pigo jepesi. Mwalimu anaweka kidole kwenye mstari wa wima na kusoma silabi iliyo chini yake. Kama ni silabi ya mwisho ya neno, kosa amelipata kabla ya mazoezi. Mstari wa kuingilia uanze kwa nukta mbili, usianze kwa mstari wa wima. Kwa 6/8, mstari mfupi wa wima unaingia katikati ya kipimo kuonyesha uzito wa wastani kwenye pigo la nne.

Ukiandika solfa kwenye kompyuta, tumia herufi zenye upana sawa kama Courier New, au jedwali lenye safu moja kwa kila pigo. Kwa herufi za kawaida, maneno yanasogea kutoka chini ya nota zake, na waimbaji wanaanza kubahatisha. Zima marekebisho ya kiotomatiki yanayogeuza vistari.

Kwenye MuseScore, programu ya kuandika nota, chagua kipimo cha kuingilia unapofungua faili jipya, si baadaye. Kisha kipimo cha mwisho cha ubeti kipunguzwe: kuingilia kukiwa na pigo 1, cha mwisho kiwe na mapigo 2, ili marudio yaungane kwa matatu. Maneno huingizwa kwa Ctrl+L. Kistari kinahamia silabi inayofuata ya neno lile lile, nafasi inahamia neno jipya, na mstari wa chini unaendeleza silabi ya mwisho ya neno juu ya nota zaidi ya moja.

Zilizokamilika ni nakala za 3/4, sura zote mbili, kwa sauti nne. Katika besi na sauti ya tatu tumebaki na kanuni moja ya ziada: zinaposhikilia nota ndefu chini ya wimbo, zibadilishe silabi pamoja na sauti ya kwanza. Rasimu zilizowaacha besi watamke "ma" ya "limezama" kwenye pigo zito la kipimo kinachofuata zilirudisha kosa lile lile kwa mlango wa nyuma, na kwa kuwa besi ndiyo inayosikika mbali, "zaMA" ilifika nje ya kanisa kabla ya "ZAma". Nakala za 6/8 zinasubiri Rekodi ya 6 ifungwe.